Kibao Bila Mji

Wapendwa, kulikuwa na karani mmoja katika makao ya watoto yatima, huko milimani, na leo tumwite Eliakunda Mgonja. Nampa jina zima kwa sababu mwenyewe hakupenda majina nusu nusu. Ukimwambia, "Mama Eli amefika," atakuuliza, "Eli yupi? Elinami, Elifuraha au Eliamini?" Watu walimcheka kwa hilo, lakini mkiisikia kazi yake hamtamcheka.

Mtoto alipoletwa pale, awe wa siku tatu au wa miaka mitatu, Mgonja alimwandikia kadi: jina la mama, jina la baba kama lilijulikana, kijiji, ukoo, na mtu aliyemleta. Mchwa walipoanza kula kingo za kadi, halmashauri ya makao ikanunua kompyuta. Mgonja akaziingiza zote kwa vidole viwili, herufi moja moja, huku akizisoma kwa sauti. Watoto mia moja arobaini na watatu. Kisha kadi zote, kwa ajili ya mchwa, zikachomwa moto.

Hapo mwenyekiti wa halmashauri akauliza swali zuri: "Na hii mashine ikifa, je?"

Wakaweka mpango. Kila Ijumaa karani atatoa nakala ya majina na kuiweka kwenye flashi. Flashi zitakuwa mbili: moja itakaa kabatini ofisini, nyingine nyumbani kwa mchungaji, ng'ambo ya bonde, ili moto ukiwaka huku, kule kubaki salama. Kila moja itiwe kwenye bahasha na kupigwa lakiri. Na kwa kuwa siri ya mtoto ni siri, flashi hizo zisichomekwe kamwe katika mashine nyingine yoyote. Niambieni, wapendwa, ni mpango gani ungekuwa mzuri kuliko huo?

Na Mgonja hakuwa mtu wa kuukubali mpango midomoni tu. Ijumaa ya kwanza alitoa nakala, akaifungua pale pale ili kuhakikisha, na majina yote yakajitokeza, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Akaridhika. Akayeyusha lakiri, akagonga mhuri, akatia sahihi na tarehe. Akafanya hivyo miaka saba. Alipougua malaria alikuja ofisini amejifunika blanketi, akatoa nakala, akarudi kitandani. Mkewe akamwambia, "Baba Elinami, hiyo flashi ungeioa kabisa, tujue moja."

Mwaka wa nane, masika, radi ikapiga nguzo ya umeme iliyo nyuma ya ofisi. Kompyuta ikatoa moshi. Wenzake walishika vichwa. Mgonja alichukua ufunguo wa kabati, akasema kwa utulivu, "Iteni fundi. Nakala ipo."

Fundi alikuwa mama mmoja wa mjini, Hadija Semvua, naye alikuja Jumanne asubuhi na kompyuta yake mwenyewe. Kumbe asubuhi hiyo hiyo walikuja wageni wengine wawili. Mmoja alikuwa Nakijwa, mwalimu wa chekechea, msichana aliyelelewa pale tangu akiwa na siku tisa. Mwingine alikuwa mshenga wa mchumba wake. Mchumba alikuwa wa ukoo wa Mshana, na wazee wake walisema neno moja tu: hatuoi ndani ya ukoo wetu, binti atuambie ukoo wake, kisha tupange siku.

"Shikamoo, baba," Nakijwa alisema. "Nimekuja kuulizia kwetu."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni barazani. Ni kitendo cha dakika tano."

"Sisi hatuna haraka, Mzee Mgonja," mshenga akadakia. "Posa ni kama maharage makavu, hayaivi kwa kutazamwa. Ila chai isichelewe."

Mgonja akacheka, akaingia ndani, akavunja lakiri mbele ya fundi. Yule mama akachomeka flashi kwenye kompyuta yake. Akatazama. Akaitoa, akachomeka ile iliyotoka kwa mchungaji. Akatazama tena.

"Mzee, humu hamna kitu."

"Tazama vizuri, mama. Pameandikwa WATOTO."

"Hilo jina nimeliona. Lakini hii ni njia ya mkato tu. Kile kipicha ulichokuwa ukikibofya kwenye kioo chako, ndicho ulichokinakili. Ni kama kibao cha barabarani kinachoonyesha mji uko wapi. Umebeba kibao, mji umeuacha pale pale. Na pale penyewe pameungua."

"Si kweli. Niliifungua kwa mikono yangu, nikaona majina yote."

"Uliifungulia kwenye mashine ipi?"

Mgonja akageukia kompyuta yake iliyoungua. Aliifungulia kwenye mashine ile ile. Kibao kilikuwa kimesimama katikati ya mji, na yeye akaona nyumba, akadhani nyumba zimo ndani ya kibao.

Sasa nisikilizeni. Toka pale alipokaa mpaka barazani zilikuwa hatua kumi, na katika hatua hizo lilimjia wazo. Angeweza kutaja ukoo wowote, mradi usiwe wa Mshana. Aseme Mmbaga. Aseme Msuya. Mshenga atapiga makofi, Nakijwa ataolewa, na duniani hapatakuwa na mtu wa kumsuta. Lakini kama kweli alikuwa wa Mshana? Angekuwa amemwoza msichana kwa ndugu yake. Akafika barazani, akabaki amesimama.

"Mwanangu, sina. Nilidhani ninayo, kumbe sina."

"Huna jina langu?"

"Sina la mtu yeyote."

Nakijwa akauliza, bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi: "Baba, si uliliandika jina la mama yangu kwa mkono wako? Mara ya kwanza kwenye kadi, mara ya pili kwenye kompyuta. Hukumbuki hata linaanza na herufi gani?"

Mgonja akatafuta. Alitafuta kichwani kama mtu anayepapasa mifuko ya koti. "Sikumbuki," akasema. "Niliiachia mashine inikumbukie."

Mshenga akaweka kikombe chini. Safari hii hakuwa na mzaha.

Mgonja alichukua likizo, akapanda na kushuka milima miezi minne, kijiji kwa kijiji, zahanati kwa zahanati, akiuliza nani anamkumbuka mtoto gani. Kati ya watoto mia moja arobaini na watatu wa zile kadi, alirudisha majina ya hamsini na wanane. Naona mnasubiri kujua kama la Nakijwa lilikuwamo. Ningeweza kusema lilikuwamo, mkaenda zenu mmefurahi. Halikuwamo. Aliyemleta alikwisha kufa, na mshenga hakurudi tena.

Wapendwa, yule karani alikosa nini? Hakuwa mvivu. Hakuwa mwizi. Katika kuhifadhi, wengi wetu humu hatufiki hata nusu yake. Kosa lake ni hili: miaka saba alijua kuweka, na hakuna siku aliyojaribu kuirudisha nakala mahali ambapo asili yake haipo.

Na sisi je? Tulibatizwa, tukapata cheti. Tukapata kipaimara, tukapata cheti kingine, kipo ukutani kwenye fremu. Tunasema tunayo imani, tumeiweka. Lini mara ya mwisho tuliijaribu mbali na mahali tulipoipokea, mbali na kwaya, mbali na mama aliyekuwa akituamsha kwenda ibadani? Utaijaribu siku ya msiba? Siku hiyo si ya majaribio. Siku hiyo ndiyo radi imeshapiga.

Hata nyumbani ni vivyo hivyo. Unasema, "Wanangu nimewafundisha majina ya babu zao, nimewafundisha kweli." Vema. Leo usimwambie mtoto tena. Mkalishe, umwombe yeye akuambie, halafu wewe unyamaze. Kitakachotoka kinywani mwake ndicho ulichomwachia. Kingine chote bado kiko kwako, na wewe, mzee mwenzangu, huna miaka mingi ya kukaa nacho.

Kila Jumapili tunaisema Sala ya Bwana kwa pamoja. Ulimi ukikwama, sauti ya jirani inakubeba, unafika mwisho, unaamini unaijua. Leo hatutaisema pamoja. Kila mmoja ataisema moyoni mwake, peke yake, polepole, neno kwa neno mpaka Amina. Ukikwama mahali, usione haya, wala usiruke. Pashike hapo, maana leo tungali wazima, na yupo wa kukufundisha.

Tuinamishe vichwa. Mimi nanyamaza.