Maji Kwanza, Mbavu Baadaye

Tulieni niwasimulie, na mwenye kupiga miayo akapige nje. Mwaka huo shida ya wanyama haikuwa ukame. Mvua ilinyesha mpaka vyura wenyewe wakalalamika. Maji yalijaa kila mahali, lakini ya kunywa yalikuwa taabu.

Mji wao ulikuwa na pande mbili. Kilimani alikaa Simba, mfalme, pamoja na wakubwa wenzake, wakinywa maji ya chemchemi iliyozungushiwa ua. Bondeni walikaa wanyonge, wakinywa maji ya mto. Fisi alikuwa na kazi ya kuzoa vyoo vya kilimani na kwenda kumwaga uchafu kwenye shimo la mbali, nyuma ya vichaka. Ujira wake ulikuwa nyama, na ruhusa ya kuchota chemchemini.

Lakini Fisi ni Fisi tu. Ujira aliutaka, jasho hakulitaka. Vyoo aliviacha vikajaa hadi pomoni. Wingu likitanda, huyo, na sururu begani, akitoboa choo kimoja kimoja ubavuni. Wenyewe huita kutapisha. Mvua ikishuka, uchafu wote huporomoka nayo hadi mtoni, na Fisi hurudi kulala akicheka kile kicheko chake.

"Mvua ni kibarua mzuri," alijisemea. "Inafanya kazi na haili nyama."

Huko bondeni Bi Swala alikuwa na mtoto mmoja tu, Tunu. Baada ya mvua kubwa Tunu akaanza kuhara na kutapika, macho yakamtumbukia, hata kusimama hawezi. Swala akapanda kilimani mbio, akapiga magoti mbele ya Simba.

"Mfalme, mwanangu ananifia! Maji ya mto ni machafu. Nakuomba ndoo moja tu ya chemchemi."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Uchafu? Katika mji wangu? Haiwezekani. Fisi, hebu sema, mto una nini?"

"Hauna kitu, mfalme. Maji maangavu kama machozi. Huyu mama amlishe mwanawe vizuri, aache kusingizia mto."

"Umesikia," Simba alisema. "Nikikufungulia ua, nitakuwa nimekiri uchafu ambao haupo."

Swala akateremka akilia kwa uchungu. Njiani akakutana na Sungura, akamweleza yote. Sungura akachezesha masikio.

"Nyamaza, dada. Fisi hakamatwi kwa machozi. Fisi hukamatwa kwa mbavu."

Kesho yake asubuhi Sungura alikuwa mbele ya Simba, ameinama mpaka pua inagusa chini. "Mfalme, sisi wa bondeni tunataka kumfanyia karamu Fisi kwa usafi wake. Nawe ukae kiti cha mbele, wote waone mji huu una mwenyewe."

Simba kusifiwa anakupenda kuliko kula. "Nitakuja," alisema. Fisi naye, aliposikia neno karamu, alifika kabla moto haujawashwa.

Mbavu za nyati zikachomwa kando ya mto, mafuta yakidondokea makaa. Fisi akakaribia, akasogea, akanyoosha mkono. Sungura akamzuia.

"Taratibu, Bwana Fisi. Desturi ya bondeni unaijua. Mgeni hunywa kata moja ya maji kwanza, ndipo apewe nyama."

Swala akachota mtoni, akamwekea kata mbele ya pua. Fisi akaitazama kata, akazitazama mbavu, akairudia kata.

"Ahsante, dada. Leo nimefunga."

"Mashallah!" Sungura akasema. "Saumu yako ikubaliwe. Jamani, ondoeni mbavu, msimtie mfungaji majaribuni!"

"Hebu, hebu! Msiondoe!" Fisi aliruka. "Nahisi homa, na mgonjwa halazimiki kufunga. Nafungua sasa hivi."

"Pole sana. Basi fungua, na kufungua ni kwa maji."

Kata ikarudi palepale. Harufu ya mbavu nayo ikampiga puani, udenda ukamchuruzika mpaka kifuani. Uvumilivu ukamshinda.

"Nileteeni ya chemchemi, nile!"

"Na haya yana nini?" Simba akauliza. "Si uliniambia maangavu kama machozi?"

"Maangavu kwao, mfalme! Mimi nitayanywaje, na juzi tu nimetapishia humo vyoo vya kilima kizima?"

Lo! Akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Simba akashuka kitini, akainamia kata, akanusa. Akaitambua harufu ya choo chake mwenyewe. Aibu ikamjaa, mfalme mzima akakosa pa kuweka uso.

"Vunjeni ule ua," alisema kwa sauti ndogo.

Swala hakungoja karamu. Alishika ndoo akakimbilia chemchemini, na jioni Tunu aliomba uji, akaumaliza, akaomba tena. Fisi alipewa ndoo za aina nyingine. Alibebeshwa uchafu wote mgongoni mpaka lile shimo la mbali, mvua na jua, bila nyama, hadi mgongo ukamteremka nyuma kama mnavyomwona.

Njia ya mwongo ni fupi.