Kunde Zilizolala Saa Sita Mchana

Mwaka ule jua liliwaka mpaka Fisi akajifunza kula mboga. Lilibaki shamba moja tu la kunde kando ya chemchemi, kila mnyama na tuta lake. Majani yalichumwa alasiri, yakiwa yameshinda juani yakijipikia sukari. Mfalme Simba, aliyependa amri kuliko chakula, akatangaza kwamba mwenye majani machungu ni mzembe. Atahama, na tuta lake atapewa mlinzi.

Mlinzi alikuwa Fisi. Aliposikia hivyo, udenda ulimtoka. Akalichagua tuta la Bi Swala, mjane mwenye mapacha. Kila siku saa sita, wenzake wakijilaza kivulini, alilifunika kwa mkeka, na kabla hawajaamka akaufunua. Kunde zikadhani jua limekuchwa, zikajikunja na kuacha kupika. Haukupita muda zikawa chungu kama mwarobaini.

"Kesho saa sita nitakuja kutazama mwenyewe," Simba alimwambia Swala. "Ujiandae kuhama."

"Mfalme wangu, nihamie wapi na watoto hawa?" Swala alilia. Fisi alijipangusa mate, akajifanya anafuta machozi.

Kesho yake aliuficha mkeka mapema, akasimama kando kwa adabu zake zote. Jua likafika utosini. Kunde za majirani zilitandaza majani, lakini za Swala zikaanza kujikunja mbele ya mfalme.

"Zimeiga uvivu wa mwenyewe," Fisi alisema haraka.

Sungura, ambaye kwa kawaida ndiye hushtakiwa, alichungulia jani. "Mfalme, ndani ya jani mna walinzi wadogo wasioonekana. Hupokea mwanga, wakaliambia jani saa ya kuwasha jiko na saa ya kulizima. Ukiwanyima jua saa sita siku nyingi, huzoea. Hata siku usipowafunika, watazima wenyewe. Hizi zimefundishwa."

"Nani huwa macho hapa saa sita?" Simba aliuliza.

Wote wakamgeukia Fisi.

"Ule mkeka si wangu," alisema Fisi.

"Mkeka gani, bwana?" Sungura alimuuliza kwa upole.

Simba alinguruma. "Hukuiba jani, Fisi. Umewaibia yatima jua. Ondoka."

Alasiri ile Swala alikabidhiwa tuta la Fisi. Mapacha walikula mpaka wakabeua, na mama yao akacheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Fisi alikuwa ameshavuka kilima, tumbo tupu.