Bango la Mzee Mbarouk

Apa kwanza kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Haya, hata mimi nilimwapia Kidawa, na tazama tulipofika.

Mzee Mbarouk, muuza makochi, alitundika bango la umeme likamulika mpaka kitandani kwa jirani yake Kidawa, kichanga chake kikawa hakilali. Manispaa inakataza mabango ya kuwakawaka kuelekea nyumba za watu, lakini kila afisa alipokuja, Mbarouk alilizima. "Bovu hilo," akasema, "halijawaka tangu Ramadhani."

Jioni moja Kidawa akamwendea dukani.

"Ami, shangazi wa yule kijana anayemposa binti yako yuko nje, kajifunika buibui lake mpaka usoni. Anawaambia watu bango lako limekufa, nawe huna uwezo wa kulitengeneza."

"Sina uwezo, mimi?"

Akatoka na rimoti. Majirani walishajaa barazani. Bango likawaka jekundu, likawaka kijani, sura ya Mbarouk ikikonyeza jicho.

"Umeona, shangazi? Linawaka kila usiku mpaka alfajiri. Halijaharibika hata siku moja."

"Mashallah," akasema yule mama, akajifunua uso. Alikuwa afisa wa mabango wa manispaa. "Sasa usilizime, Mzee Mbarouk. Simama hapohapo na rimoti yako, niwapige picha wote wawili, wewe na huyo anayekonyeza."