Kindi na Taka za Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale ipi maana simu tayari zilikuwepo, wanyama wa Mbugani walivaa viatu. Sogeeni, wanangu. Wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nami nisikike.

Kiwanda cha viatu kilikuwa mali ya Kiboko, jina lake Mwinyimkuu. Mkubwa huyo! Akipiga chafya, jirani wanaanua nguo wakidhani mvua. Kiwanda chake kilitoa kiatu cha aina moja tu: cheusi, kizito, kipana kama sinia la pilau. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kwanza Mwinyimkuu aliutazama mguu wake mwenyewe, akaridhika, akasema, "Huu ndio mguu." Utafiti ukaishia hapo.

Basi Swala akavaa sinia. Kanga akavaa sinia. Ngiri naye hivyo hivyo. Ukisikia kwata, kwata, kwata, puu! ujue Swala ameanguka tena.

Karibu na bomba la maji sokoni palikuwa na kibanda kibovu cha fundi viatu, Kindi, jina lake Siwazuri. Alikuwa mdogo kiasi kwamba ungeweza kumtia mfukoni ukamsahau. Alishona viatu vilivyokatika na kuchonga katambuga kwa matairi makuukuu. Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na mama yake mkongwe. Hawakuwa na kingine.

Sasa, wanyama wote walikuwa kwenye mtandao mmoja ulioitwa Porojo. Kila mnyama ana ukurasa wake; unaweka picha, wenzako wanaandika maoni chini yake. Ukurasa wa Mwinyimkuu ndio uliokuwa na wafuasi wengi kuliko zote. Na aliutumia kwa busara kubwa, jamani! Jumatatu aliweka picha yake akitabasamu. Jumanne, akitabasamu kwa upande wa pili. Jumatano, akikata utepe. Utepe wa nini? Hakuna aliyejua, lakini ulikatika vizuri.

Chini ya picha hizo wateja waliandika.

"Bwana Mwinyimkuu, kiatu chako kimoja nawaogeshea watoto," aliandika Kanga. "Kukivaa ndiko kulikonishinda."

"Mimi jamaa zangu wote wana mbio," aliandika Swala. "Siku hizi Kobe ananipita, tena anasimama kunisalimia."

Mwinyimkuu alipoyaona hayo, je, aliyasoma? Thubutu! Alimwajiri Fisi Makombo, akampa kiti cha kuzunguka na cheo cha Mkuu wa Mitandao. Kazi yake kufuta.

"Kwi kwi kwi! Mkuu, nimefuta mia mbili kabla ya chai!"

"Waliosifu je?"

"Yupo mmoja, Mkuu."

"Nani huyo mwenye akili?"

"Mimi, Mkuu."

Siku moja Mwinyimkuu alipata wazo, maana hata yeye yalikuwa yakimjia. Alitaka kusimamisha sanamu yake pale bombani, kila achotaye maji amwone. Soko lilikuwa kwenye ardhi yake. Akaenda kwa Kindi, kwata, kwata, akaegemea kibanda, nusura kianguke.

"We Kindi, Ijumaa uwe umehama."

"Nihamie wapi, Mkuu? Mama yangu hawezi hata kutembea."

"Msitu ni mkubwa," alisema Mwinyimkuu, akaondoka zake.

Kindi aliketi. Akafungua simu ili asilie. Akaona Kanga ameandika tena: "Ningepata kiatu kinachoacha vidole wazi, nipekue mchanga nile, ningenunua hata leo." Kabla hajamaliza kusoma, fyaa! maneno yakatoweka. Fisi keshayafuta. Likaja la Swala, fyaa! La Ngiri, fyaa!

Kindi akasimama, mkia nao umemsimama.

"Ala!" akasema peke yake. "Wateja wanamwambia wanachotaka, bila kuulizwa, bila kulipwa, naye anakitupa!"

Asubuhi yake alikwenda kiwandani. Ofisi ya Mwinyimkuu ilikuwa bwawa lenye meza katikati. Bosi alikaa majini kutwa, kichwa tu nje.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Umefunga mizigo?"

"Nimefunga, Mkuu. Nimekuja kuaga. Ila roho inaniuma. Ukurasa wako mzuri ule, na tabasamu zako zile, halafu chini yake umejaa takataka!"

"Fisi anafuta."

"Anafuta, masikini, kidole kimemvimba. Lakini ukimfutia mlalamishi, anaandika tena na tusi juu. Taka hazifutwi, Mkuu. Taka zinapelekwa jalalani. Wakubwa wote wana jalala."

Mwinyimkuu akatikisa masikio. Hilo la wakubwa lilimgusa. "Mimi sina jalala?"

"Huna, Mkuu. Ndiyo aibu yenyewe. Lakini kibanda changu kinafaa. Kibovu, kinanuka gundi. Tangaza tu kwamba mwenye lalamiko amletee Kindi. Nitazibeba zote, ukurasa wako ubaki na uso wako mtupu."

Fisi aliposikia kazi inapungua, akaruka. "Kwi kwi! Wazo zuri, Mkuu! Nilikuwa nalo tangu jana!"

"Na sanamu yangu?"

"Bombani, Mkuu?" Kindi akashika kifua. "Wanakokunywa ndege? Ndege akishakunywa akapata pa kutua juu, unajua mwenyewe anachofanya."

Mwinyimkuu aliwaza kichwa chake cha jiwe na ndege juu yake, akaghairi palepale. "Lakini wewe taka utazifanyia nini?"

"Masikini hachagui, Mkuu."

"Ho ho ho! Chukua! Za leo, za kesho, na za siku zote!"

"Naomba uniandikie, Mkuu, askari wa soko wasije wakabomoa jalala lako."

Mwinyimkuu akaandika. Muhuri, paa! Halafu akaweka tangazo Porojo: KUANZIA LEO UKURASA HUU NI WA FURAHA. MWENYE LALAMIKO, USHAURI AU WAZO LOLOTE AMWONE KINDI, BOMBANI.

Wanangu, mmewahi kumwona mtu anafungua zizi, halafu anawapungia mkono ng'ombe wake? Basi.

Ting'! Ting'! Ting'! Simu ya Kindi ikalia hata mama yake akadhani kuna harusi. Kindi alisoma moja baada ya jingine, akajibu kila mmoja kwa jina lake. Lakini msidhani alipatia tangu mwanzo. Hata kidogo! Ngiri aliandika, "Viatu havifai! Nateseka!" Kindi akakesha kazini kwa furaha, akamshonea viatu vyekundu vyenye shanga, akaweka picha. Ngiri akajibu:

"Dada, asante. Vizuri mno. Mke wangu amevitundika ukutani."

Kindi alinuna. Aliichukua simu aandike jambo la kumchoma, kidole kikawa tayari. Akakumbuka kidole cha Fisi, akakishusha.

"Kaka Ngiri," akaandika, "hebu nieleze. Ukiamka asubuhi, unafanya nini?"

"Nakula majani."

"Unakulaje?"

"Napiga magoti, dada. Sisi ndivyo tulivyo."

"Sasa hasa kinachouma ni..."

"Magoti! Miguu yangu haina neno! Miaka yote nauziwa viatu, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za magoti!"

Kindi akajipiga kofi la paji la uso, paa! Akakata tairi, akatia sufi ndani, akashona kanda mbili. Ngiri akavaa magotini, akala majani kutwa nzima akiimba. Akaweka picha Porojo, na kesho yake ukoo mzima wa ngiri ulikuwa bombani, wakubwa kwa wadogo.

Kwa Kanga alichora michoro miwili, akauliza: "Upi?" Makanga wakabishana siku mbili, kelele tupu, mpaka bibi mmoja mkongwe akaandika, "Yote mibaya. Ondoeni mbele kabisa, bakisheni kisigino." Kindi angejua hilo wapi, yeye asiyepekua mchanga? Akashona kama alivyoambiwa. Vikaisha kabla gundi haijakauka. Swala naye akapata kiatu chepesi, na Kobe akarudi kwenye nafasi yake ya siku zote.

Kiwandani je? Amani.

"Mkuu!" alisema Fisi. "Leo hakuna lalamiko hata moja!"

"Safi sana! Na walionunua?"

"Nao hakuna, Mkuu. Kimya kizuri kabisa."

Masinia meusi yakarundikana hadi darini. Mwinyimkuu alipokosa pa kupita kwenda bwawani kwake, ndipo akashuku. Akaenda sokoni, kwata, kwata. Akaona foleni kuanzia bombani mpaka njia panda, na mbele yake Kindi, penseli sikioni, anasikiliza.

"Mwizi!" akanguruma Mwinyimkuu. "Umeniibia wateja wangu!"

"Shikamoo, Mkuu. Sijaiba. Umewaleta mwenyewe." Kindi akainua karatasi kwa mikono miwili, ilikuwa ndefu kuliko yeye. "Za leo, za kesho, na za siku zote. Muhuri huu hapa."

Foleni nzima ikacheka. Hata Kobe, ambaye huchelewa kuelewa, alicheka alipofika nyumbani.

Mwinyimkuu alirudi bwawani akifoka mapovu. "Fisi! Mwanamke yule anataka malalamiko? Tumpe malalamiko!"

Wakafungua ukurasa wa uongo, wakauita Sungura Mnyonge. Mwinyimkuu akaandika kwa kidole chake kinene: "VIATU VYA KINDI VINABANA! VIMENITOA MALENGELENGE! MSINUNUE!"

"Sasa atafuta," alisema Fisi, akisugua mikono. "Kila mtu hufuta."

Ting'! Kindi amejibu, mbele ya watu wote: "Pole sana, ndugu Sungura. Panauma wapi?"

Mwinyimkuu akakwama. Hakuwa amejiandaa kuulizwa. Akauinua mguu wake, akautazama. "Kati ya vidole," akaandika.

"Vinene au vyembamba?"

"Vinene."

"Pole. Maumivu yanazidi wakati gani?"

"Nikitoka majini."

"Mkuu!" Fisi akaruka. "Sungura haishi majini!"

"Nyamaza wewe, naulizwa swali!"

Akaendelea kuandika. Akaeleza jinsi mguu unavyolainika kwenye maji na kufura, na jinsi ngozi ya kiatu inavyokauka na kuung'ata. Kumbe siku ile alipotazama mguu wake akasema ndio huu, ulikuwa mkavu. Miaka kumi na mitano alikuwa anaumia, na hakumwambia mtu, maana nani angemwuliza bosi wa viatu kama viatu vinambana? Fisi? Alipomaliza, macho yake yalikuwa mekundu. Akasingizia maji ya bwawa.

Kindi aliposoma, alicheka hadi akaushika mkia wake. Kisha akachukua tairi la trekta.

Siku tatu baadaye akaandika Porojo: "Ndugu Sungura Mnyonge, viatu vyako tayari. Tafadhali njoo na mkokoteni. Kimoja nimeshindwa kukisukuma."

Msitu mzima ukaelewa. Lo! Kicheko kikazagaa kutoka ukurasa hadi ukurasa. Sungura wa kweli akaandika, "Jamani, hebu nitajeni kwa mengine!"

Fisi akaomba ruhusa ya kufuta. "Nifute kipi, Mkuu? Nianzie wapi?"

Mwinyimkuu aliweka simu chini. Alikuwa anautazama mguu wake. Mchana wa jua kali, mbele ya wote, akaenda bombani, akapanga foleni nyuma ya mtoto wa ngiri. Zamu yake ilipofika, Kindi akamvalisha. Kiatu kilikuwa wazi pande zote, kina matundu chini ya kutolea maji, na kanda inayolegezwa mguu ukifura.

Mwinyimkuu akakanyaga chini. Akakanyaga tena.

"Aaaah," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya sungura.

"Panauma?"

"Hapaumi." Akasimama pale akihangaika na masikio yake. "Bi Siwazuri, zile taka... siwezi kurudishiwa, hata nusu?"

"Muhuri wako unasema siku zote, Mkuu. Hizi zangu. Ukitaka zako, waulize mwenyewe. Ila ukiuliza, ujue watajibu."

Jioni ile Mwinyimkuu alimwondoa Fisi kwenye kiti cha kuzunguka. Akaweka picha Porojo. Haikuwa ya tabasamu, ilikuwa ya kile kiatu cheusi kipana kama sinia, na chini yake aliandika: "Kina kasoro gani?"

Ting'! Ting'! Ting'! Ting'! Majibu yakaanza kuingia, na wanaosema kweli wanasema hayajaisha mpaka leo. Mwinyimkuu bado anasoma.

Nami hapa natua mzigo wangu, apendaye aubebe kwa wengine: asiyesikia la mteja huvunjika guu.