Miguu Juu ya Fuawe

Hapo zamani, chuma kilipokuwa kikiyeyushwa papa hapa kwenye milima ya Upare, aliishi Nakijwa, mvukutaji aliyepuliza moto wa tanuri la Mzee Mcharo, mhunzi mkuu. Hasira zake zilikuwa karibu, uongo ulikuwa mbali. Uganga hakufundishwa na mtu. Aliuonja mwenyewe, gome kwa gome, miaka saba.

Mzee Mcharo damu ilimpanda, macho mekundu, kichwa kinamgonga. Nakijwa akamletea dawa tanurini.

"Mzee, nakwambia wazi. Kichwa kina mvukutaji wake. Damu ikizidi, anabana njia, ikipungua, anazipanua. Dawa hii inalegeza mishipa, na mvukutaji huyo inamlaza usingizi. Ukisimama, damu itakimbilia miguuni, kichwa kibaki kitupu. Kunywa, ulale."

"Nilale? Huoni moto unawaka?"

Ulikuwa mwiko. Mhunzi mkuu akilala chini tanuri likiwaka, ameiacha nyundo ya ukoo, na ukuu wake pia.

"Basi ngoja uzimike!"

"Kichwa hakingoji, binti."

Akanywa amesimama. Akaanguka puu!

Mrutu, mdogo wake Mzee, akamlaza chali, akamwinua miguu, akaiweka juu ya fuawe, chuma cha kufulia kisichokanyagwa. Watu wakapiga yowe: miguu juu ya fuawe!

"Pigeni yowe mpaka mchoke. Mimi namtaka kaka yangu!"

Mzee akafumbua macho, akaona moto, akajikongoja ainuke. Nakijwa akamkandamiza kifua.

"Ukiinuka unakufa!"

"Bora nife na nyundo yangu!"

Akamsukuma kando. Tayari goti lilikuwa limenyanyuka, ndipo Nangasu, mkewe, alipomwaga mtungi mzima wa maji tanurini. Chuma cha msimu mzima kikaharibika.

"Haya, mume wangu. Moto hakuna, mwiko hakuna. Lala!"

Akalala. Jua lilipohama, aliamka kichwa kimetulia tuli.

"Mwili umechoka. Nyundo namwachia aliyeniokoa," akasema. "Nayo ni moja."

"Basi ni yangu," akasema Mrutu. "Dawa ilikuangusha, mimi nikairudisha damu kichwani. Nimeivunjia heshima fuawe mbele ya ukoo wote."

"Ungeirudisha mara ngapi, shemeji?" akadakia Nangasu. "Si alikuwa anainuka! Mimi ndiye niliyemtuliza, na chuma nikakitupa. Mwaka huu wote watanisema mimi."

Nakijwa akawaka. "Dawa yangu ilimwangusha, sifichi! Lakini kichwa nani amekitibu? Fuawe? Mtungi? Nilisema alale, akasimama. Na wewe Mrutu, bila maneno yangu ungejua damu imekimbilia wapi? Ungemkalisha kwenye kigoda umpepee!"

Mrutu akacheka. "Hapo umenipata. Ningempepea kweli."

Mzee Mcharo akaishika nyundo, akawatazama. Hakuna aliyeinamisha macho. Mikono mitatu ikanyooshwa, ukiwemo wa Nakijwa, wenye malengelenge ya mvukuto.

Haya, ninyi mliokaa hapa na masikio yenu, msiniambie waigawane, nyundo haigawanyiki. Je, ni mkono upi uliostahili?