Nguchiro na Amina za Wanakisima

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwa zimeshafika hadi ndani ya vichuguu, wanyama wa Bonde la Mawe Mekundu walikuwa na kisima kimoja tu. Kila nyumba ilichota maji kwa zamu, na zamu zilipangwa kwenye kundi la simu lililoitwa Wanakisima. Ambaye hana zamu, hana maji. Hilo mlishike, wanangu, maana ndipo kisa kilipo.

Mwenyekiti wa kundi alikuwa Mzee Nyati. Pembe alikuwa nazo, sauti alikuwa nayo, subira ya kuandika ndiyo hakuwa nayo hata chembe. Ting! Ujumbe wake unaingia:

"Wjumbe xaxa kixima kexho xaa 1 mcchelewe."

Mnacheka? Wenzenu walikuwa wanasoma hivyohivyo na kwenda zao. Isipokuwa mmoja.

Ting!

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ni 'sasa', si 'xaxa'. Na kisima hakina x. Ahsante."

Huyo alikuwa Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa vidole. Alikaa kwenye kichuguu pamoja na mkewe Mama Sikitu na watoto saba. Alimsahihisha Tembo. Alimsahihisha Twiga. Fisi alimsahihisha mara nne kabla ya chai. Na mimi siwafichi, alikuwa anakera! Hata aliyefiwa akiomba rambirambi, Nguchiro alitoa pole kwanza, kisha akaweka mkato pale ulipokosekana.

Sasa lile kundi lilikuwa na tabia moja ya ajabu. Kila asubuhi mtu alituma ujumbe mrefu wa baraka, mrefu kama mkia wa kenge, na wote wakajibu "Amina" bila kusoma. Wakishaona mistari imezidi mitano, wanajua ni dua. Amina! Amiina! Siku moja Twiga aliandika kwa urefu kwamba shingo inamuuma, hawezi kumeza hata jani, anaomba dawa. Wanyama kumi na wawili wakamjibu Amina.

Basi siku hiyo Nguchiro alimsahihisha Mzee Nyati mara tatu kwenye ujumbe mmoja. Nyati akapandwa na hasira. Akaandika, naye kwa mara ya kwanza aliandika kirefu. Ngoja niwaambie kwa maneno yaliyonyooka, kwa sababu yeye alijaza x tupu: kuanzia leo, anayemsahihisha mwenzake anapoteza zamu ya maji mwezi mzima. Aliyejibu amekubali. Na la kundini ni la kundini, halibishiwi.

"Amina," akajibu Tembo.

"Amin amin," akajibu Twiga.

"Aminx!" akajibu Fisi.

Mama Sikitu akamwendea mumewe mbio. "Baba Sikitu, nakuomba. Hiyo simu iweke chini ya mtungi."

"Usijali, mke wangu. Kwani mimi ni mtoto?"

Siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili akanyamaza, ila jicho likaanza kumchezacheza. Siku ya tatu, ting! Fisi anatangaza harusi ya binti yake. Yaani, wanangu, lile tangazo! Jina la bibi harusi lilikuwa limekosewa, la bwana harusi limekosewa, na wageni walikuwa wamealikwa kwenye "haruxi ya bnti yng mpnzwa."

Nguchiro akaikalia simu. Akainuka. Akaizunguka. Akarudi akaikalia tena.

"Jina la mtoto wa mtu, Mama Sikitu! Siku yake ya harusi!"

"Acha!"

Wapi, wanangu! Vidole vilikuwa vimeshakimbia. Tap tap tap. Ting! Amemsahihisha.

Nyati hakuchelewa hata kidogo. "Zamu yko imekufa. Mwxi mzma."

Kesho yake kamba ya kisima ikampita Nguchiro. Kesho kutwa ikampita. Watoto saba wakawa wanaamka mapema kulamba umande kwenye majani, na jua likishatoka, umande nao unakwisha. Kitinda mimba alilia bila machozi. Mama Sikitu alisimama mlangoni na dumu tupu, akamwangalia mumewe.

"Haya, mwalimu. Watoto wanataka kunywa. Utawapa nukta au mkato?"

Nguchiro akaumia moyoni, kwelikweli. Akaenda mwenyewe kwa miguu hadi kwa Mzee Nyati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunisahihisha hadi nyumbani?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kuomba. Niadhibu mimi, lakini watoto wapate hata dumu moja."

Nyati akatafuna majani yake taratibu. "Mimi sina roho mbaya. Lakini limeandikwa, na watu wamejibu. Wewe si ndiye unayependa maandishi?"

"Kwa hiyo haliwezi kubadilika?"

"La kundini hubadilishwa na la kundini. Siku kundi likiandikiwa lingine, na watu wakajibu wamekubali, tutafuata hilo. Hata mimi nitafuata. Sasa nenda, kwato zinaniuma."

Nguchiro akashukuru, akatoka. Alipofika nyuma ya mawe akaruka juu mara tatu, pu! pu! pu!

Asubuhi iliyofuata, watu wakiwa kwenye shughuli zao, alikaa na simu yake kivulini. Mama Sikitu akaketi kando.

"Unaandika nini kirefu hivyo?"

"Dua."

Na kweli, ilianza kama dua. Iliwaombea wote afya, mvua na majani mabichi. Ikaziombea pembe za Nyati zisipate ufa, na mkonga wa Tembo usipate mafua. Iliishia kwa dua vilevile, ya shingo ya Twiga. Katikati, mstari wa tisa, kulikuwa na mambo mengine. Mama Sikitu aliposoma pale akajishika mdomo.

"Baba Sikitu! Wakisoma je?"

"Wakisoma, nitakufa kwa furaha na kwa kiu, vyote pamoja. Sikuficha hata herufi."

Akausoma tena wote, akarekebisha mkato mmoja, akatuma. Ting!

"Amina, Mwalimu," akaandika Tembo.

"Aminx!" Fisi huyo.

Kisha simu ikaonyesha kwamba Twiga anaandika. Anaandika... anaandika bado... Mama Sikitu akafumba macho. Twiga ana macho makubwa, wanangu, na ukitaka mtu wa kusoma, ni yeye. Anaandika...

"Amina na kwako pia. Samahani, kwato zangu zinabonyeza pembeni."

Wakashusha pumzi. Wa mwisho akawa Mzee Nyati mwenyewe: "Amiiiiin xana."

Saa moja asubuhi ya siku ya pili yake, Nguchiro alikuwa ameketi mbele ya kichuguu, amejipanguza vumbi, madumu matupu yamepangwa mstari. Akaandika kundini: "Shikamooni. Nawasubiri na maji. Mwenyekiti ndiye wa kwanza."

Hee! Ardhi ikatikisika. Gidi! gidi! gidi! Nyati huyo, Tembo nyuma yake, Twiga anapepesuka, na Fisi kwa mbali, maana Fisi hupenda kuona ugomvi akiwa karibu na njia ya kutokea.

"Maji gani?" Nyati akanguruma. "Nani alisema?"

"Ninyi, mzee. Mstari wa tisa."

Nyati akatoa simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Na kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti akasoma ujumbe hadi katikati. Alisoma kwa sauti, naye alipumzika kila penye mkato, kwa sababu mikato ilikuwepo:

"Sisi tutakaoujibu ujumbe huu tunafuta adhabu ya kumnyima maji mtu anayesahihisha wenzake. Tunamrudishia Nguchiro zamu yake tangu leo. Na kwa kuwa watoto wake wamekauka siku nyingi, kila aliyejibu atawachotea madumu mawili na kuyafikisha mlangoni, mwenyekiti akitangulia."

Tembo akakohoa.

"Umeficha!" Nyati akasema.

"Nimeficha wapi, mzee? Herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni. Ningeandika kama mnavyoandika ninyi, hapo mngesema nimeficha."

"Mimi nilidhani ni dua," Tembo akasema polepole.

"Hata mimi nilidhani harusi ya binti wa Fisi ni ugonjwa, mpaka nilipoisoma mara ya tatu."

Fisi akajisogeza. "Ngojeni! Mimi simo! Someni vizuri, mimi niliandika 'Aminx'. Hilo ni neno gani? Halipo! Limekosewa, kwa hiyo halihesabiki!"

Nguchiro akamgeukia, macho yanang'aa. "Limekosewa? Kumbe unaliona kosa, kaka! Nilisahihishe?"

Twiga akaangua kicheko hadi shingo ikapona. Tembo akacheka puuu, vumbi likatimka. Hata Nyati mdomo ukamcheza, akajaribu kuuzuia, akashindwa.

"Mzee," Nguchiro akasema, sasa kwa upole, "ulisema mwenyewe, la kundini ni la kundini. Watoto wangu wana kiu."

Nyati akawatazama wale saba mlangoni, midomo imepasuka. Aibu ikamshika. Akayaokota madumu mawili kwa pembe, kwangala kwangala, akaelekea kisimani. Tembo akafuata. Twiga akafuata. Fisi akabeba mawili na kunung'unika njia nzima. Siku ile watoto saba walikunywa hadi matumbo yakalia chubwi chubwi, na kitinda mimba akaogeshwa.

Kuanzia hapo hakuna aliyejibu Amina kabla ya kufika mwisho wa ujumbe. Mwanzoni walisoma kwa woga, baadaye kwa mazoea. Na anayejua kwamba maneno yake yatasomwa huyaandika kwa uangalifu, au vipi? Ujumbe wa kwanza mrefu wa Nyati usio na x ulikuwa na sentensi nne, ukamchukua tangu asubuhi mpaka jua la utosi.

Lakini jioni ileile ya yale madumu, Nguchiro alifurahi mno. Vidole vikiwa bado vimelowa, akaandika shukrani harakaharaka, akatuma bila kuipitia.

Ting!

"Bwana Nguchiro," aliandika Mzee Nyati, "kwenye neno la pili umeruka herufi moja. Ahsante."

Nguchiro akaganda. Mama Sikitu akasoma juu ya bega lake, akacheka mpaka akakaa chini. Nguchiro akausoma ujumbe wa Nyati mara ya kwanza, akausoma mara ya pili, akatafuta kosa, hakuliona hata moja. Basi akajibu neno moja tu:

"Amina."

Nami nawaachia hili, wanangu: soma mpaka mwisho kabla ya kujibu, na andika kama mtu ambaye kesho atabebeshwa maneno yake mgongoni.