Senkondo na Walinzi Watatu wa Michenza

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa wapi?

"Hapa hapa motoni!"

Basi sogeeni karibu. Na wewe Chediel, acha kuyageuza hayo mahindi kila mara, hayataiva.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, wanyama walisema na watu, na watu wakawajibu bila kushangaa. Huko milimani Upare aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa pamoja na mumewe, Senkondo. Walikuwa ndio kwanza wameoana.

Siku moja Nakijwa alikwenda kwao kuwasalimu wazazi wake, na mama yake akampa miche kumi na miwili ya michenza. Akaipanga katika tenga, akajitwika, akatembea siku mbili, kupanda mlima na kushuka mlima. Kila alipopumzika aliinyunyizia maji kwa kiganja chake, yeye mwenyewe akanywa mwisho. Alipofika nyumbani akachimba mashimo, akatia samadi, akapanda. Kila asubuhi aliihesabu kabla hata hajanawa uso. Kumi na miwili.

Mwezi haujaisha, akaona alama za kwato kwenye udongo. Akamwambia mumewe kwamba mbawala ameanza kupita hapo, na kwamba ni heri wajenge wigo kabla hajaionja miche.

Mbawala mnamjua?

"Ni kama swala," akasema Naetwe.

Ndiyo, wa jamii ya swala. Ana madoa meupe ubavuni kama aliyenyunyiziwa unga, na miguu myembamba inayoruka kama imekanyaga kaa la moto.

Sasa, Senkondo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikono yenye nguvu, na alipenda kucheka. Ila kazi ndefu ilimchosha kabla hajaianza. Alimwambia mkewe kwamba mianzi iko mbali bondeni, na wigo utamlia siku nyingi, na pale nyumbani wanyama wamejaa wanakula bure. Yeye angeweka mlinzi, mambo yaishe. Kisha akaenda kucheza bao.

Mlinzi wa kwanza alikuwa Kanga. Kanga alijisifu kwamba ana sauti ya kuamsha kijiji kizima, na kwamba mbawala akisogea tu, atapiga kelele mpaka masikio yazibe. Senkondo akafurahi, akampa kiti cha heshima juu ya kisiki.

Alfajiri Mbawala akaja na mwanawe. Hakujificha. Alimwamkia Kanga vizuri, akamuuliza habari za watoto, kisha akamweleza kwamba ng'ambo ya kijito kuna kichuguu kimebomoka na mchwa wanatoka wengi ajabu, wanono, na hakuna wa kuwala. Kanga alisikiliza. Akatazama miche. Akatazama kijito. Akasema moyoni kwamba kwenda na kurudi si muda mrefu.

Kanga akaenda zake. Na Mbawala akaimba, nanyi mwimbe naye:

*Mche mchanga, majani laini,*
*njia ni wazi, nirudi kwa nini?*

"Mche mchanga, majani laini, njia ni wazi, nirudi kwa nini?"

Asubuhi Nakijwa akahesabu. Tisa. Mitatu imebaki vijiti. Kanga alirudi tumbo limejaa, akapiga kelele vizuri sana, lakini hapakuwa na mtu wa kupigiwa.

Nakijwa akamwambia mumewe tena habari ya wigo. Senkondo akajibu kwamba kosa si la ulinzi, kosa ni la Kanga, maana Kanga ni mlafi. Atamweka mtu asiyehama mahali pake.

Mlinzi wa pili alikuwa Kobe. Kobe hakujisifu hata kidogo. Alikubali kazi kwa adabu, akaapa kwamba hataondoka shambani kwa mchwa wala kwa asali. Na kweli, wanangu, hakuondoka. Kobe alikuwa mwaminifu.

Jioni Mbawala akatokea upande wa juu wa shamba. Kobe akamwambia asimame. Mbawala akauliza kwa upole nani atamsimamisha. Kobe akamjibu kwamba ni yeye, na kwamba yuko njiani anakuja. Akaanza safari. Akatoa mguu huu, akatoa na ule. Alipofika juu, Mbawala alikuwa keshahamia chini. Kobe akageuka bila kulalamika, akaanza kushuka.

*Mche mchanga, majani laini,*

"Njia ni wazi, nirudi kwa nini?"

Asubuhi Nakijwa akahesabu. Sita. Na Kobe bado alikuwa njiani, anahema, anamwomba mwizi amsubiri kidogo.

"Maskini Kobe," Naetwe akasema.

Maskini kweli. Nakijwa mwenyewe alimnyanyua, akampa maji, akamshukuru. Lakini usiku ule hakula. Senkondo akaona chakula cha mkewe hakijaguswa, na badala ya kwenda kukata mianzi akawaza mlinzi wa tatu. Akasema anataka mwenye nguvu, mwenye pembe, mwenye mbio. Akamchagua Mbuzi.

"Mbuzi?" Chediel akauliza. "Mbuzi alinde miche?"

Wewe umeliona hilo, Chediel, na una miaka saba. Senkondo alikuwa na ndevu, hakuliona. Alimfungia Mbuzi kamba ndefu katikati ya shamba, akamweleza kwa kirefu jinsi adui atakavyokuja. Mbuzi akatikisa kichwa kila neno, macho yake yakiwa kwenye majani.

Mbawala alikuja alfajiri, akasimama pembeni, akatazama. Mbuzi alikuwa mdomo umejaa. Akamwambia Mbawala kwamba shamba hili lina mlinzi, arudi alikotoka. Kisha akatafuna. Safari ile Mbawala hakupata hata jani moja. Akaondoka na mwanawe wakiwa na njaa.

Mnacheka. Haya, chekeni. Nakijwa hakucheka.

Alihesabu. Mitatu. Mitatu tu, ile ambayo kamba ya Mbuzi haikuifikia. Hakumgombeza mumewe. Alichukua jembe, akapiga magoti, akaanza kuuchimbua mche wa kwanza taratibu pamoja na udongo wake.

Senkondo akamuuliza anafanya nini.

"Nairudisha kwa mama," Nakijwa akasema. "Kwetu watu hujenga wigo."

Hakutaja kama yeye mwenyewe angerudi. Senkondo alisimama pale, na kwa mara ya kwanza aliona mikono ya mkewe ilivyochubuka kwa kuchota maji ya miche. Aibu ikampanda, na aibu ikishamkaba mtu asiyezoea kuona aibu, hugeuka hasira. Akaingia ndani, akachukua mkuki, akafuata nyayo za kwato hadi ukingoni mwa msitu.

Akamkuta Mbawala chini ya mti, amesimama mbele ya mwanawe. Hakukimbia, maana mtoto alikuwa bado hawezi kwenda kasi. Senkondo akainua mkuki.

"Mzee Senkondo," Mbawala akasema, "siku zote hizi umeniwekea walinzi. Hujaniwekea mpaka hata siku moja."

Mkuki ukabaki juu.

"Mimi nina mtoto na nina njaa," Mbawala akaendelea. "Nikiona njia wazi, nitapita. Ungejenga wigo, mimi ningekwenda kula majani ya msituni, na wewe leo usingeshika mkuki."

Senkondo akamtazama yule mtoto, miguu yake inatetemeka kama mabua ya mtama. Akashusha mkuki polepole, akaketi juu ya jiwe. Kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza tangu mwanzo: wigo wa kumzuia mbawala hujengwaje?

Mbawala akamweleza, maana shamba lisiloingilika ni salama kwa mwenye shamba na kwa mnyama pia. Akamwambia wigo uwe mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono juu, kwa kuwa mfupi atauruka. Akamwambia mianzi isukwe karibu karibu, kwa kuwa mbawala asipoona pa kutua, haruki. Na chini kuwe na mawe, kwa kuwa kichwa kikipenya, mwili hufuata.

Senkondo akarudi mbio. Mche mmoja ulikuwa tayari ndani ya tenga. Akapiga magoti mbele ya mkewe, akamwomba siku saba.

"Saba," Nakijwa akasema. "Ya nane naondoka nayo."

Basi mtu huyo alifanya kazi! Alikwenda bondeni kabla ya jua, akarudi na mianzi begani, akaenda tena. Siku ya pili malengelenge yalitoka, siku ya tatu yakapasuka. Siku ya nne Nakijwa alimwona akifunga fito kwa vidole vilivyofungwa majani ya mgomba, akashindwa kuvumilia, akaenda kumshikia ncha ya pili. Kanga akaja kupiga kelele za kuwatia moyo. Kobe akaleta mawe, moja kwa siku. Mbuzi akafungwa mbali sana.

Siku ya saba, jua likielekea kutua, lango likafungwa. Nakijwa akaurudisha mche wake shimoni.

Asubuhi Mbawala akaja. Akauzunguka wigo mara moja. Akanusa chini, mawe. Akainua shingo, hakuona pa kutua. Akamwambia mwanawe twende, wakaenda msituni kula majani ya huko. Ndani ya shamba, Nakijwa akahesabu mitatu, na jioni akahesabu tena mitatu, na kesho yake mitatu.

Mvua zikanyesha. Vile vijiti vilivyodhaniwa vimekufa, vinne vikachipua upya kutoka shinani. Nakijwa alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani kuna mtoto amezaliwa. Kumbe ni miche saba! Wakala ugali hapo hapo, wakacheza ngoma.

Mwaka wa nne mti mmoja ukazaa machenza matatu. Senkondo hakuweza kungoja. Akachuma moja likiwa bado kijani, akalimenya, akatia kinywani. Macho yakajaa machozi, uso ukakunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Tamu?" Nakijwa akauliza.

"Tamu sana," Senkondo akasema, jicho moja limefumba.

Nakijwa akachukua kipande, akaonja, na uso wake nao ukakunjamana. Wakatazamana. Wakacheka, wakacheka, mpaka wakakaa chini ya mti wakiwa wameshikana mabega, na hayo mawili yaliyobaki wakayaacha yaive.

Wanangu, kitu unachokipenda kiwekee wigo mapema, kabla hakijaliwa, tena uujenge kwa mikono yako. Usimwachie ulinzi mtu asiyejua uchungu wake.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeshiba asinzie, na mwenye njaa achukue hindi, sasa yameiva.